UZI: Mjomba kanitumia mawe kutoka Numbi, nataka kupima kama ni kasiteriti hapa hapa nyumbani

Kadutu_Juu, Jumatatu usiku

Jambo wote. Niko Bukavu, Kadutu, kazi yangu ni kutengeneza simu. Mawe siyajui, ila shuleni nilisoma kemia kidogo na ukoo mzima unaona hiyo inatosha.

Mjomba yuko Numbi, kule juu Kalehe. Amenitumia kwa dereva wa pikipiki mawe matatu yaliyofungwa kwa kipande cha kitenge, pamoja na chupa ya marashi iliyojaa mchanga mweusi. Kuna mtu anataka kumuuzia mfuko mzima wa mchanga huo kwa jina la kasiteriti, yale madini yanayotoa bati. Mjomba ameuza ng'ombe, pesa anayo mkononi, na anataka jibu kabla haijatoka. Amenipa siku tano.

Jiwe la kwanza ni jeusi lenye kahawia, dogo, lakini zito hata mkono unashtuka. La pili linafanana nalo ila lina sehemu nyeupe. La tatu ndilo analojivunia: jeusi tii, refu kama kidole, lina mistari midogo inayoshuka kwa urefu wake, linang'aa kama kioo. Anasema hilo ndilo lilimfanya aamini.

Nimesikia kuna njia ya zinki na asidi inayoonyesha bati bila mashine. Nani amewahi kuifanya kwa mikono yake? Kwa mnunuzi sitaki kwenda kwanza. Ukimpelekea jiwe hujui ni nini, yeye ndiye anakuambia ni nini, na bei anaipanga humo humo.

Mwalimu_wa_Kemia, Jumatatu usiku

Njia ipo, ni ya zamani, na ni rahisi kuliko inavyosikika.

Kasiteriti ni oksidi ya bati. Ikiwa safi, karibu asilimia 79 ya uzito wake ni bati. Shida yake ni ukaidi: asidi za kawaida haziiwezi, utailoweka usiku kucha itoke kama ilivyoingia. Hapo ndipo zinki inapokuja. Asidi ikiishambulia zinki inatoka hidrojeni, na pale zinki inapogusana na punje, ngozi ya juu ya kasiteriti inanyang'anywa oksijeni yake. Kinachobaki ni utando mwembamba wa bati lenyewe, wa kijivu. Ukiusugua kwa kitambaa unang'aa.

Zinki utaipata kwenye betri za tochi za bei rahisi, zile ambazo hazijaandikwa "alkaline". Ganda lake, ukishatoa karatasi au chuma cha nje, ni zinki. Hizo za alkaline usizifungue kabisa, ganda lake ni chuma na ndani mna kitu kinachounguza ngozi. Ile tope nyeusi ya ndani ya betri uiondoe yote, uoshe ganda, ulikwangue mpaka ling'ae, ulikate vipande vya ukubwa wa ukucha.

Asidi ni hidrokloriki, ile ya kusafishia vigae na vyoo. Uwe macho: chupa nyingi za kusafishia choo dukani si asidi, ni Javel, ile dawa ya kupaushia nguo. Tone moja juu ya ganda la yai litakuambia: asidi inatoa povu hapo hapo. Na vitu hivyo viwili visikutane hata kwa bahati mbaya, maana asidi na Javel vikichanganyika hutoa klorini, gesi inayochoma mapafu.

Weka maji kwanza kwenye bilauri, kisha umimine asidi kidogo kidogo ndani ya maji. Kinyume chake usifanye. Sehemu moja ya asidi kwa tatu za maji inatosha. Weka kipande cha zinki chini, punje zako juu yake ziguse zinki, mimina asidi izifunike. Subiri dakika kumi. Fanya nje, mbali na babula (jiko la makaa) na mbali na mwenye sigara, kwa sababu hidrojeni inawaka.

Fundi_Essence, Jumanne asubuhi

Mwalimu anafanya iwe ngumu. Chukua kipande cha manjanja ya nyumba, yale ya paa, weka mchanga juu, mwagia asidi ya betri ya gari. Sisi tulifanya hivyo miaka yote.

Mwalimu_wa_Kemia, Jumanne asubuhi

Yaya (kaka yangu), manjanja yanaweza kufanya kazi kwa sababu chuma chake kimepakwa zinki. Ila zinki hiyo ni nyembamba kama ngozi ya kitunguu, asidi inaimaliza upesi, na ikibaki chuma kitupu jaribio limekufa na wewe bado unasubiri. Yakiwa na rangi ndiyo mabaya zaidi.

Asidi ya betri ya gari ni ya salfa. Nayo inakula zinki, sikatai. Lakini ile inayomwagwa kutoka betri kuukuu ina uchafu wa risasi, na risasi ikitua mahali utaona weusi ukashangilia bure. Utando wa bati ukiusugua unang'aa. Ukiusugua ukatoka kama masizi, hilo si bati.

Na jambo la pembeni: tunaita paa "bati" na madini "bati", basi watu wanadhani paa limetengenezwa kwa madini haya. Paa ni chuma na zinki.

Lushois_243, Jumanne mchana

Pole zenu watu wa Kivu 😂 Hapa Lubumbashi shaba haijifichi. Jiwe la kijani, tone la asidi, linatoa povu, maji yanageuka kijani, unatumbukiza msumari safi wa chuma na unatoka umevaa shaba nyekundu. Mtoto wa miaka kumi anaweza. Nyinyi mnatafuta chuma cha kijivu ndani ya jiwe jeusi kwa kutumia kitu kingine cha kijivu.

Kadutu_Juu, Jumanne mchana

@Lushois_243 na kobalti yenu nyeusi, nayo mnaijua kwa msumari?

Lushois_243, Jumanne mchana

Hapo umenipata. Heterojeniti ni nyeusi na inatudanganya kila siku.

Mama_Twanga, Jumanne jioni

Mwanangu wa Kadutu, kabla hujapiga hilo jiwe nyundo nisikilize. Mimi nilitwanga mawe ya dhahabu Kamituga miaka mingi. Sisi wanatuita mamans twangaises, kitenzi chetu cha Kiswahili kimevalishwa koti la Kifaransa, lakini vumbi halijali jina. Lile vumbi jeupe la mawe ndilo linaingia kifuani na halitoki. Wenzangu wengine wanakohoa mpaka leo.

Kama lazima utwange, lowesha jiwe, lifunge ndani ya kitambaa kibichi, twanga humo humo. Usitwange ndani ya nyumba wanamolala watoto. Kinu cha mawe kisirudi kutwanga sombe.

Kadutu_Juu, Jumanne jioni

Aksanti sana mama. Nilikuwa tayari nimeshika kinu cha nyumbani. Nimekirudisha kabla mama yangu hajaona.

Mdau_wa_Kyerwa, Jumanne usiku

Salamu kutoka Kagera, huku kwetu Kyerwa bati tunalichimba pia. Asidi ni nzuri, ila mimi naanza na vitu visivyo na hatari.

Kwanza sumaku. Toa kwenye spika iliyokufa, wewe fundi simu hukosi. Ifunge ndani ya mfuko wa plastiki, ipitishe juu ya mchanga mkavu uliotandazwa. Kinachorukia ni magnetiti, yaani chuma. Mfuko wa plastiki ni wa kukusaidia kukitoa, la sivyo utakesha unachambua sumaku.

Pili, kigae kilichovunjika, upande wa nyuma usio na mng'ao. Kwaruza jiwe hapo uone rangi ya unga wake. Kasiteriti, hata iwe nyeusi kama usiku, unga wake ni mweupe au kahawia hafifu sana. Unga mwekundu ni hematiti. Unga mweusi au kahawia iliyoiva, fikiria magnetiti, ilmeniti, wolframu au koltani (madini yenye tantali).

Tatu, uzito kwa ujazo. Hapa ndipo wauzaji wa uongo wanapofia. Kasiteriti ni 6.8 hadi 7.1, yaani jiwe lina uzito karibu mara saba ya maji ya ukubwa huo huo. Mawe mengi ya kawaida hayafiki hata 3. Tafuta mizani ya wauza dhahabu, weka bilauri ya maji juu yake, ifute isome sifuri. Funga jiwe kwa uzi, lining'inize ndani ya maji bila kugusa chini wala pembeni. Namba utakayoona ni ujazo wa jiwe. Gawanya uzito wake mkavu kwa namba hiyo.

Kuhusu lile jiwe refu linalong'aa lenye mistari, sitaki kumvunja moyo mjomba wako, lakini pima hilo kwanza.

Kadutu_Juu, Jumatano usiku

Nimefanya. Mizani nimeazima Nyawera, asidi nimeipima kwa ganda la yai (duka la kwanza waliniuzia Javel huku wakiapa ni asidi), zinki nimeitoa kwenye betri mbili za tochi.

Jiwe la kwanza: gramu 46.2, ndani ya maji 6.9. Nikigawa napata 6.70.
Jiwe la pili: 31.5 kwa 5.1. Napata 6.18.
Jiwe la mjomba: 58.0 kwa 18.6. Napata 3.12.

Nilirudia la tatu mara tatu nikidhani uzi umegusa bilauri. Haukugusa.

Kisha asidi, kwenye kibaraza, mama amesimama mlangoni akiuliza kama hiyo ndiyo kemia waliyoilipia karo. Povu lilianza mara moja. Dakika kumi nikatoa mawe kwa vijiti, nikaosha. La kwanza lilikuwa limevaa kijivu upande ulioguswa na zinki, upande wa pili jeusi kama zamani. Nikalisugua kwa suruali ya jinzi. Jamani. Rangi ile naijua! Ni ile ile ya waya wa kulehemu ninaoushika kila siku nikitengeneza simu. Nimekaa na bati mikononi miaka sita bila kujua linatoka kwenye jiwe kama hili, na huenda liliwahi kupita barabara hii hii likiwa mchanga ndani ya mfuko.

La pili limeshika kijivu, ila sehemu nyeupe hapana.

La tatu limenawa uso tu, likatoka linang'aa zaidi.

Mdau_wa_Kyerwa, Jumatano usiku

Ndivyo nilivyohofia. Hilo ni turmalini nyeusi. Uzito wake ni huo huo, 3 na kidogo, na ile mistari ya kushuka ndiyo kitambulisho chake. Likate upande uone, mara nyingi lina sura ya pembetatu iliyovimba mbavu. Kwenye miamba yenye bati hutokea pamoja na kasiteriti, ndiyo maana linawapoteza watu. Za rangi, kijani au waridi, zina wanunuzi wa vito. Nyeusi kama hii haina soko la maana.

La pili 6.18 ni kasiteriti iliyoshikana na kwatzi, ile sehemu nyeupe ndiyo inashusha namba.

Sasa mchanga. Mawe matatu hayauzwi, kinachouzwa ni mfuko.

Kadutu_Juu, Alhamisi asubuhi

Mchanga sikujua nitauning'iniza vipi kwa uzi, ikabidi nifikirie usiku. Nimefanya hivi: chupa tupu ya marashi nimeijaza maji mpaka mdomoni, nikapima, gramu 71.4. Nikaimwaga, nikaweka mchanga mkavu gramu 60.0, nikajaza maji tena mpaka mdomoni, nikaitikisa mapovu ya hewa yatoke. Ikawa 119.3. Ingekuwa mchanga haunyang'anyi maji nafasi ingekuwa 131.4. Tofauti ni 12.1, huo ndio ujazo wa mchanga. 60 kwa 12.1 ni 4.96.

Hiyo ni nzuri au mbaya?

Fundi_Essence, Alhamisi asubuhi

Nzuri! Nimefanya hesabu. Kama ni kasiteriti ya 6.9 na kwatzi ya 2.65, kufika karibu 5 lazima kasiteriti iwe robo tatu ya uzito. Zidisha kwa 79, unapata bati kama asilimia 60. Hiyo ni biashara, mwambie mjomba anunue.

Mwalimu_wa_Kemia, Alhamisi mchana

Usimwambie kitu bado. Hesabu ya yaya ni sahihi, ila imejengwa juu ya neno "kama". Umedhani kilichobaki chote ni kwatzi. Magnetiti ina 5.2. Ukijaza mfuko kwa magnetiti tupu, bila chembe ya bati, utapata namba nzuri kuliko hiyo 4.96. Sumaku ulipitisha?

Kadutu_Juu, Alhamisi jioni

Sikuwa nimepitisha. Nimepitisha sasa mara nne, mpaka ikawa hairukii kitu. Kati ya gramu 60, sumaku imechukua 14.

Nikatoa ujazo wa hizo 14 kwenye hesabu (14 gawa kwa 5.2 ni 2.7). Zimebaki gramu 46 zenye ujazo wa 9.4. Hiyo ni 4.89. Nikirudia hesabu ya Fundi kwa hizo 46, kasiteriti inakuja kama gramu 34, na bati lake gramu 27. Gramu 27 kwa mchanga wote wa 60 ni asilimia 45.

Asubuhi nilikuwa na 60, jioni nina 45, na mchanga ni ule ule.

Nikachukua punje 50 kutoka kwenye ule ulioachwa na sumaku, nikazipanga moja moja juu ya zinki kwa kibano changu cha simu. 27 ziligeuka kijivu na kung'aa. 20 ni za rangi ya kioo au nyeupe, hazikugeuka. Tatu ni nyeusi na hazikugeuka kabisa, na kwenye kigae zinaacha unga wa kahawia nyekundu iliyoiva.

Mdau_wa_Kyerwa, Alhamisi usiku

Kuzipanga moja moja kwa kibano cha simu, hiyo sijawahi kuiona 😅 Lakini inakubaliana na hesabu yako: punje nusu na kidogo ni bati, na kwa kuwa ni nzito zaidi, kwa uzito zinafika robo tatu.

Zile tatu jaribu kisu. Wolframu ni laini, kisu kinaikwaruza, na hupasuka kwa bapa moja lililonyooka. Kama kisu hakishiki, koltani inawezekana.

Kadutu_Juu, Alhamisi usiku

Kisu hakishiki. Koltani?! Kuna jaribio lake la nyumbani?

Mwalimu_wa_Kemia, Alhamisi usiku

Hakuna, na usilitafute. Utakutana na mtu atakuambia tantali inayeyushwa na asidi ya hidrofloriki. Ni kweli. Ni kweli pia kwamba asidi hiyo inapita ngozi bila kuuma sana mwanzoni, inaenda kula kalsiamu mwilini, na inaweza kusimamisha moyo. Kwenye kibaraza cha Kadutu haina kazi. Punje tatu kati ya hamsini ziweke ndani ya karatasi ziende kwenye mashine.

Tena koltani nyingine hubeba urani na thori ndani yake, kwa hiyo ina mionzi kidogo. Chembe tatu si kitu. Mfuko chini ya kitanda ni kitu kingine.

Negosiani_Mstaafu, Ijumaa asubuhi

Nimesoma uzi wote kimya kimya. Mwanangu, umefanya kazi nzuri kuliko vijana wengi wanaoshika mashine. Mimi nilinunua na kuuza mchanga huu tangu enzi za SOMINKI, ile kampuni ya zamani ya madini ya Kivu, kabla bei ya bati haijaanguka duniani mwaka 1985 na kila mtu kurudi shambani. Nina swali moja tu.

Ile chupa ya marashi, nani aliijaza?

Kadutu_Juu, Ijumaa asubuhi

Ngoja nimpigie.

Kadutu_Juu, Ijumaa asubuhi

Muuzaji.

Negosiani_Mstaafu, Ijumaa asubuhi

Basi unajua kilichomo ndani ya chupa. Mfuko hujaupima.

Sikiliza namna tulivyokuwa tunafanya. Kwanza, mfuko haupimwi kwa kuchota juu. Muuzaji mjanja anaweka mchanga mzuri juu, na hata asiye mjanja, mfuko ukitikiswa barabarani punje zinapangana zenyewe, nzito upande wake, nyepesi upande wake. Chukua bomba, lisukume mpaka chini ya mfuko, toa. Rudia pembe nne na katikati. Au mwaga wote juu ya hema, uchanganye kwa koleo.

Kisha fanya kichuguu, kisawazishe, kigawe kama mkate kwa vipande vinne. Tupa viwili vinavyotazamana, vilivyobaki changanya tena, fanya kichuguu tena, gawa tena. Endelea mpaka ubaki na kiganja kimoja. Kiganja hicho ndicho mfuko. Muuzaji akikataa usimwage mchanga wake, hapo umeshapata jibu na hujatumia asidi.

Pia mchanga ukauke. Maji yana uzito na huyauzi. Mimi nilikuwa nakaanga kidogo juu ya babula mbele ya mwenye mfuko, napima kabla na baada.

Halafu kuna la karatasi. Mjomba wako ana karte gani?

Kadutu_Juu, Ijumaa mchana

Ya mchimbaji, muzee. Nimemsomea ujumbe wako wote kwa simu, akaniambia nirudie sehemu ya mkate.

Negosiani_Mstaafu, Ijumaa mchana

Hiyo ni ya kuchimba. Kwa sheria ya madini ya 2002, na marekebisho yake ya 2018, wa kununua kwa wachimbaji na kuuza mbele ana karte yake nyingine, ya negosiani. Na mfuko wa kasiteriti bila lebo ya kuonyesha shimo ulikotoka, wanunuzi wanaoheshimu kazi hawaugusi. Wanaougusa watamkata bei mpaka alie. Aliangalie hilo kabla ya asilimia.

Mama_Twanga, Ijumaa mchana

Muzee amesema kweli. Sisi walikuwa wanatuonyesha jiwe zuri mkononi, ukifika nyumbani na mzigo unatwanga kwatzi tupu.

Kadutu_Juu, Jumapili usiku

Samahani kwa kimya. Mjomba aliomba siku mbili zaidi. Muuzaji hakutaka mfuko umwagwe, ikachukua nusu siku ya maneno na wazee wawili, mwishowe akakubali bomba. Chupa mpya imefika jana jioni, mjomba ameijaza mwenyewe baada ya kugawa "mkate" mara tano mbele ya watu.

Nimekausha. Gramu 60 tena. Sumaku imechukua 23! Zilizobaki 37, ujazo wake 9.4, yaani 3.94. Kasiteriti inakuja kama gramu 20, bati gramu kumi na tano na nusu. Asilimia 26.

Punje 50 juu ya zinki: 15 za kijivu. Nyingine karibu zote ni za kioo, na kuna vijiti vidogo vyeusi vinavyong'aa ambavyo sasa navijua kwa jina.

Mwalimu_wa_Kemia, Jumapili usiku

Hesabu zako ziko sawa, ila zichukulie kama makadirio. Ilmeniti sumaku ya spika haiivuti vizuri na ina 4.7, ikiwemo bado inakudanganya kidogo. Turmalini nayo. Jibu la kuandikwa kwenye karatasi linatoka kwenye mashine. Kuna CEEC, ofisi ya serikali ambayo kazi yake ni kutathmini madini, na pale Université Officielle de Bukavu kuna idara ya jiolojia, nenda ukaulize na punje zako tatu. Lakini kwa swali la mjomba, 26 na 45 hazifanani hata ukikosea kidogo.

Fundi_Essence, Jumapili usiku

Mimi ndiye nilisema anunue. Nimenyamaza.

Mdau_wa_Kyerwa, Jumapili usiku

Asidi iliyobaki umeifanyaje?

Kadutu_Juu, Jumapili usiku

Iko kwenye ndoo ya plastiki, mama hataki kupita karibu.

Mdau_wa_Kyerwa, Jumapili usiku

Tia majivu ya kuni kidogo kidogo, itachemka povu. Endelea mpaka povu liishe, kisha ongeza maji mengi. Usimwage kwenye mfereji unaoteremka ziwani ikiwa bado inauma. Zinki iliyobaki osha, ukauke, utunze. Mjomba wako hataacha mchanga.

Kadutu_Juu, Jumatatu asubuhi

Nimemaliza na majivu, ndoo imerudi jikoni baada ya kuoshwa mara tatu, na mama ameiosha ya nne.

Mjomba hakununua. Muuzaji alishuka bei mara mbili, mjomba akamwambia bei ya 26 anaijua sasa, muuzaji akabeba mfuko wake akaenda kutafuta mtu mwingine. Pesa ya ng'ombe bado ipo. Anasema atarudi kuchimba kwenye shimo lilikotoka jiwe la kwanza, la 6.70, ambalo kumbe alilichimba yeye mwenyewe na wala halikuhusiana na mfuko.

Nilimwuliza kwa nini hakuniambia hilo tangu mwanzo. Akasema sikumuuliza.

Na amesema lile la kung'aa nimrudishie kwa dereva yule yule. Mke wake anataka kuliweka dirishani.